Nyasi bandia zilizovimba: fukua udongo kabla ya kununua zulia jipya

Dada, umesema nyasi bandia za uani kwako, njia ya Muheza, zimevimba upande wa ukutani, kiungo cha katikati kimeachia, na chini ya dirisha la sebule pameyeyuka. Fundi anataka ung'oe zote uweke mpya. Mimi kazi yangu ni kutandaza nyasi hizi na vitofali vya uani hapa Tanga, na nakuomba usimpe hela mpaka muangalie chini. Nyumba nyingi ninazoitwa, zulia bado zima. Kilichoharibika ni udongo lililolalia. Ukiweka jipya juu ya udongo ule ule, masika ijayo utakuwa pale pale.

Anza na mawimbi. Yaangalie alfajiri kabla jua halijapanda, kisha saa nane mchana. Kama yanatokea mchana tu na alfajiri zulia limelala, hilo ni joto: plastiki hutanuka, na zulia lilikazwa bila kuachwa kwanza lilale juani kabla ya kukatwa. Kama alfajiri wimbi bado lipo, kanyaga kwa kisigino. Pakibonyea, udongo umetitia. Pakiwa pagumu, udongo umepanda.

Udongo wa mfinyanzi ukinywa maji hufura, ukikauka hunywea na kupasuka. Hapa kwetu unapitia hayo kila mwaka: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba, na katikati yake jua la kaskazi. Wenzetu wa Raskazone, walio juu ya mawe ya matumbawe na mchanga, maji yao hupotea chini upesi na hawasumbuki hivi. Kwenye udongo mzito kama wako, kinachoharibu zaidi ni kulowa upande mmoja huku mwingine ukiwa mkavu. Kwa hiyo nakuuliza: maji ya paa yanaangukia wapi? Tangi likijaa linamwagikia wapi? Mama mmoja aliniita akasema, "Mwanangu, hizi nyasi zimenishinda, zichukue tu." Nikamwonyesha bomba la paa lililoishia ukutani. "Mama, nyasi hazina kosa, maji ndiyo hayana njia." Tukayapeleka kwenye mfereji, tukatengeneza ukanda ule wa ukutani peke yake, na zulia lake lile lile bado wajukuu wanalichezea.

Kazi ya udongo ifanye Juni au Julai. Masika yameisha, ardhi ina unyevu kidogo lakini haijapasuka. Ukijaza kokoto kwenye nyufa za Februari, mvua ikija udongo unafura, kokoto zinakosa pa kwenda na zinasukuma zulia juu. Zoa kwanza mchanga uliomo kati ya majani, fungua ukingo, kunja zulia taratibu bila kulikata. Usiparuze kile kivimbe tu ukaridhika. Chimba sentimita 10 hadi 15 kwenye eneo lote lililosumbua na zaidi kidogo, toa mfinyanzi, tandika kitambaa cha jiotekstaili ili udongo usipande kuchanganyika na mawe, halafu jaza kokoto kwa tabaka na kila tabaka ulishindilie. Juu kabisa malizia na kokoto ndogo sana, sentimita 2 au 3. Vumbi la kokoto lisiwe jingi: mawe yetu ya huku mengi ni ya chokaa, na vumbi lake likilowa na kushindiliwa hushikana, maji yakakosa pa kupita. Weka mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba.

Mchanga wa ufukweni usiuguse hata ukiletewa bure. Una chumvi na vipande vya makombe, na kila toroli linalochotwa pale linaipa bahari nafasi ya kula pwani yetu. Hili linaniuma.

Mkiwa mmefungua, tafuteni ndago, lile gugu lenye vinundu ardhini. Hutoboa zulia kutoka chini, na dawa ya juu haifiki kwenye vinundu vyake. Hapo ndipo pa kuving'oa kimoja kimoja.

Pembeni, misumari iliyopigwa kwenye mfinyanzi hulegea ardhi inaponywea. Mwaga ukingo mwembamba wa zege na ulishike zulia hapo. Misumari yoyote utakayotumia iwe iliyopakwa zinki, kwa sababu hewa ya chumvi inakula chuma.

Kiungo kishughulikie asubuhi mapema au jioni. Mchana gundi inashika kabla hujasawazisha, na zulia likiwa limetanuka, usiku likijivuta kiungo kinafunguka tena. Kwangua gundi ya zamani, weka mkanda mpya mkavu wa kuunganishia. Kama kingo zimechakaa, zipunguze ukikata kwa nyuma, kati ya mistari ya mshono, na ukiunganisha acha nafasi sawa na ile iliyo kati ya mistari hiyo. Majani yaelekee upande mmoja, uyachomoe yaliyonaswa kwenye gundi. Lazia mifuko ya mchanga juu mpaka kesho yake.

Sasa pale dirishani. Vioo vya kisasa vinavyoakisi hurudisha jua kwa mkusanyo, na zulia ambalo tayari ni la moto hufika pa kulainika. Weka neti upande wa nje wa kioo, au kivuli cha namna yoyote, kabla ya kiraka, la sivyo kiraka nacho kitayeyuka. Kiraka kikate kwenye kona isiyoonekana ya uani, kwa mfano nyuma ya tangi, maana kimepauka pamoja na wenzake. Kipande kipya kitie huko nyuma. Ukimaliza, rudisha mchanga uliooshwa na kukaushwa, ufagie kwa fagio la chelewa kinyume na ulalo wa majani mpaka yasimame.

Kuna hali moja ambayo fundi wako atakuwa sahihi. Shika majani machache, uyakunje kwa vidole. Geuza kona, uvute mgongo wa zulia. Majani yakikatika, au mgongo ukimeguka unga unga na mishono ikatoka, hilo jua limeshalimaliza, halishiki gundi tena. Mwambie basi bei ya zulia jipya aiandike mbali na ya kuchimba na kujaza kokoto, uone kama hiyo ya pili ameiweka.