Pedeli inazama na chini hakuna tone: acha kulaumu padi

Juzi msomaji wa Makambako kaniandikia: "Fundi, breki inashika, lakini nikiendelea kuikanyaga pedeli inashuka taratibu mpaka chini. Nimebadili padi, nimetoa upepo, bado." Nikatabasamu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekabidhi Noah yenye ugonjwa huohuo hapa Mwanjelwa, gari ambalo gereji nyingine walishalinyooshea mikono.

Ndugu yangu, hiyo ni masta silinda, pampu inayosukuma fluidi ya breki ukikanyaga pedeli. Ndani yake mna pistoni mbili zinazofuatana, kila moja na raba zake. Ukikanyaga, raba inavuka kitundu kidogo kinachotoka kwenye kopo la fluidi na kukiziba. Hapo ndipo presha inapanda kwenda kwenye magurudumu. Ukiachia, springi inairudisha pistoni na kitundu kinafunguka. Raba ikichoka, fluidi inapenya pembeni yake na kurudi nyuma humohumo ndani. Tone utalionea wapi? Tena ukikanyaga kwa nguvu raba hujibana ukutani, breki ikashika vizuri tu. Mguu mwepesi ndio unaoiumbua.

Bosi aliyenipokea kwenye ufundi alisema mimi ni wa kushika tochi tu, sitajua breki. Haya, Noah ile niliifungua mwenyewe. Raba zilikuwa zimevimba, ukibonyeza kwa kucha alama inabaki. Mtu alikuwa ameongezea oili ya stelingi kwenye kopo la breki! Oili hiyo inaua raba za breki, zote, mpaka za magurudumuni. Soma kifuniko, aina ya fluidi ya breki imeandikwa: DOT 3 au DOT 4, basi.

Na ibadilishe, jamani. Fluidi hunyonya unyevu. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishalowa, hata 155 inaweza kuchemka. Ushuke mlima Kitonga na mzigo, mguu kwenye breki badala ya gia nzito, mvuke ukiingia kwenye paipu utakanyaga hewa. Watu wana hela ya rimu, hela ya fluidi hawana.

Wewe wa Makambako, washa injini mguu ukiwa kwenye pedeli. Pedeli ikishuka kidogo mara moja, hiyo ni busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, usiogope. Kisha kanyaga kwa mguu mwepesi na usiachie. Ikizidi kuzama na hakuna panapovuja, fungua masta. Ukuta wa silinda ukiwa na kutu au mikwaruzo, usinunue raba, nunua masta nzima, na uitoe upepo mezani kabla ya kuifunga.