Magna Carta haikulipii kodi ya halmashauri

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mhudumu wa wazee hapa Leicester, niko kwa viza ya kazi. Nimepanga chumba katika nyumba ya watu watano. Kila mmoja ana mkataba wake na mwenye nyumba na hulipia chumba chake tu. Bili ya kodi ya halmashauri (council tax) imekuja kwa jina langu, nadhani kwa sababu umeme nimeusajili mimi. Sikulipa, na sasa nimeletewa hati ya wito wa mahakama. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna kaka anauza fomu tatu kwa pauni 90. Anasema sina mkataba na halmashauri, kwamba jina langu likiandikwa kwa herufi kubwa si mimi bali ni kampuni, na kwamba kifungu cha 61 cha Magna Carta, ile hati ya kifalme ya mwaka 1215, kinaniruhusu kukataa kulipa. Watu wawili wameshanunua. Fomu hizi zina nguvu kisheria?

Jibu: Hazina, ndugu yangu. Na kinachoniudhi ni kwamba wewe una hoja halali kabisa, imo ndani ya swali lako, na huyo kaka hakuiona kwa sababu hakuna anayeweza kuiuza kwa pauni 90.

Soma tena ulichoandika. Watu watano, mikataba mitano, kila mmoja na chumba chake. Nyumba ya namna hiyo England, kwa kanuni za 1992, kodi ya halmashauri hudaiwa mwenye nyumba, si mpangaji. Iandikie halmashauri leo, ambatisha nakala ya mkataba wako, sema wazi kuwa unapinga kutajwa kama mlipaji, na uombe wito uondolewe. Wakikataa, au wakikaa kimya miezi miwili, rufaa yako inakwenda Baraza la Uthamini, ambalo halitozi ada. Mahakimu hawana mamlaka ya kuamua hoja hiyo, lakini siku ya wito nenda, uwaeleze kuwa umeshaandika, na uombe shauri liahirishwe. Hapo hujamtaja mfalme yeyote wa karne ya 13.

Sasa nije kwenye fomu, maana barua kama yako napokea kila mara bili mpya zinapotoka.

Lile la mkataba ndilo linalonichosha kuliko yote. Watu wanaamini kwamba deni haliwezi kuwepo pasipo saini, na kwamba ukiandika "sikubali" kwa wino mwekundu deni linayeyuka. Kodi ya halmashauri haitokani na makubaliano. Inatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1992, ambayo inataja kwa mpangilio nani adaiwe katika kila nyumba: kwanza mwenye mali anayeishi humo, kisha mpangaji, na kuendelea. Hakuna mahali inapouliza kama umeridhika. Ingekuwa kodi inahitaji ridhaa ya mlipaji, hazina ya nchi hii ingekauka kabla ya saa nne asubuhi.

Lile la herufi kubwa ni dogo zaidi, ingawa ndilo linalopendwa. Nadharia yenyewe ni kwamba ulipozaliwa serikali iliunda kivuli chako cha kibiashara, kikapewa jina lako kwa herufi kubwa, na kwamba madeni yote ni ya kivuli. Mwaka 2012 Jaji John Rooke wa Alberta, Kanada, alichoshwa na hoja hizi katika kesi ya talaka, akaandika hukumu yenye aya zaidi ya 700 akizichambua moja baada ya nyingine, pamoja na biashara ya wale wanaoziuza. Mahakama za Uingereza huirejelea hukumu hiyo mpaka leo. Herufi kubwa kwenye bili zimetokana na kompyuta ya halmashauri, basi.

Nimebakiwa na Magna Carta, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uongo huu umevaa joho la ukweli.

Ni kweli kifungu cha 61 kilikuwepo. Juni 1215, pale Runnymede, Mfalme John wa England alibanwa na mabaroni wake, yaani makabaila wakubwa, hadi akakubali kwamba 25 kati yao wamsimamie. Akivunja ahadi, wanne wangempelekea malalamiko. Asiporekebisha ndani ya siku 40, wangeweza kunyakua ngome na ardhi zake, ilimradi wasimguse yeye, malkia na watoto wao. Mamlaka hayo walipewa mabaroni 25, si kila mtu mwenye hasira na bili. Na hayakudumu. Agosti mwaka huohuo Papa Innocent wa Tatu aliubatilisha mkataba wote. Ulipotolewa upya mwaka 1216, kisha 1217 na 1225, kifungu hicho hakikurudi. Toleo lililoingia kwenye vitabu vya sheria ni la 1297, nalo halinacho. Kwa hiyo anayekitegemea leo ni kama anayekwenda kudai mahari kwa ndoa iliyovunjika kabla ya fungate kwisha, miaka mia nane iliyopita, na ndoa yenyewe haikuwa yake. Hata kingekuwa hai, sheria ya Bunge ya 1992 ingekipita.

Kilifufukaje? Tafuta siasa. Mwaka 2001 malodi wachache, watu wenye vyeo vya kikabaila, waliochukizwa na Mkataba wa Nice wa Umoja wa Ulaya walimpelekea Malkia Elizabeth ombi wakinukuu kifungu hicho. Mkataba ukaridhiwa kama kawaida. Lakini wazo la "uasi halali" likabaki mitaani, likasubiri msimu wake, na msimu ukaja na korona. Novemba 2020 saluni moja ya Yorkshire ilibandika dirishani tangazo la kifungu cha 61 na kuendelea kunyoa wakati wa marufuku. Halmashauri ikaitoza faini za maelfu ya pauni. Agosti 2021 kundi la watu liliingia kwenye Ngome ya Edinburgh na kutangaza kuwa wameitwaa kwa mamlaka ya Magna Carta. Tuyaache mengine yote, Magna Carta haikuwahi kuwa sheria ya Scotland. Mwaka 1215 Scotland ilikuwa na mfalme wake, na alikuwa akipigana na John.

Nisieleweke kwamba naidharau hati hiyo. Vipande vyake vichache bado ni sheria, na kimoja kinasema hatutamuuzia mtu yeyote haki, wala kumnyima, wala kumcheleweshea. (Hilo la kuchelewesha, aliyewahi kusubiri kesi katika nchi hii atacheka mwenyewe.) Mwaka 2013 serikali ilianza kuwatoza wafanyakazi ada ya kufungua kesi dhidi ya waajiri wao, hadi pauni 1,200. Chama cha wafanyakazi cha UNISON kilipinga hadi Mahakama ya Juu, na Julai 2017 majaji saba wakaifuta ada hiyo. Katika hukumu, Jaji Lord Reed aliitaja Magna Carta. Lakini hakuitaja kama hirizi. Aliitumia kuonyesha jinsi haki ya kufika mahakamani ilivyo ya kale, kisha akachambua takwimu za kesi zilivyoporomoka na kipato cha mtu wa kawaida kilivyo. Kazi hiyo ilichukua miaka minne. Klipu ya dakika mbili haiwezi kuifanya.

Nakubali pia kwamba kodi yenyewe inachekesha. Iliundwa haraka kufuta makosa ya kodi ya kichwa, ile iliyoleta ghasia Trafalgar Square Machi 1990 na kuchangia kumng'oa Margaret Thatcher mwaka huohuo. Ilianza 1993, na mpaka leo nyumba za England hupangwa madaraja kwa bei ambayo zingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991. Nyumba iliyojengwa juzi nayo hukadiriwa ingeuzwa kiasi gani siku hiyo, wakati pale palikuwa kiwanja cha magari. Wales walithamini upya kwa bei za mwaka 2003. England kila serikali huitazama kazi hiyo, hukumbuka yaliyompata Thatcher, na huiachia serikali ijayo. Hasira ya watu ninaielewa. Ila hasira hiyo ndiyo soko la vishoka.

Na vishoka hao wana mtindo mmoja: fomu zao ni barua tatu za kuitumia halmashauri. Barua ya kwanza, subiri. Ya pili, subiri. Ya tatu, tangaza kwamba halmashauri imeshindwa kujibu na deni limekufa. Wakati unasubiri, saa ya halmashauri haisimami. Ukipuuza ukumbusho wa siku saba unadaiwa mwaka mzima kwa mkupuo. Mahakama ikitoa amri ya kulipa, deni linakwenda kwa dalali anayekamata mali za wadaiwa, ambaye huongeza ada zake juu: kanuni za 2014 ziliziweka pauni 75 kwa kukuandikia tu, na pauni 235 akifika mlangoni. Kwa kodi hii hawezi kuvunja mlango siku ya kwanza, lakini gari lililoegeshwa nje anaweza kulifunga magurudumu, na lile tangazo la "hakuna ruhusa ya kuingia" ambalo vishoka husema ulibandike halimzuii. Wales ilifuta kifungo kwa deni hili mwaka 2019. England anayekataa kulipa kwa makusudi bado anaweza kufungwa hadi miezi mitatu, na hakuna ushahidi mzuri wa makusudi kuliko fomu uliyosaini mwenyewe ukisema umeasi.

Kwa mwenye viza ni zaidi ya hapo. Ukija kuomba uraia, Wizara ya Mambo ya Ndani huangalia mwenendo wako, pamoja na madeni ya kodi hii. Kuna na kosa la upande wa pili: watu humwambia mwenzao mwenye viza "omba msamaha wa kodi kwa kipato kidogo." Msamaha huo ni fedha za umma, na viza nyingi za kazi zinakukataza kuzigusa. Punguzo la asilimia 25 kwa anayeishi peke yake si fedha za umma. Hilo liombe bila woga.

Wale wawili walionunua fomu, waambie wasitume barua ya tatu. Wapige simu halmashauri wiki hii, waulize deni limefikia hatua gani, na wakubaliane malipo ya kila mwezi kwa maandishi kabla halijakabidhiwa kwa dalali. Kama nao wanaishi kwenye vyumba vya mkataba mmojammoja, kwanza wasome mikataba yao. Na pauni 90 wazidai kwa kaka huyo humohumo kundini, kila mtu aone atajibu nini.