Kesi ya injini ikipasuka, usikimbilie kuchomelea

Ukianza kujifunza ufundi pikipiki hapa Dodoma, mwanzoni utapewa kazi ndogo ndogo: kumwaga oili, kukaza cheni, kubadili shuu za breki. Kufungua injini na kushika kesi yake, yaani ganda la alminiamu linalobeba kranki na gia, hutakabidhiwa mpaka uaminike. Ila nikuambie mapema, oili na cheni ndizo zinazoleta kesi nyingi mezani kwetu zikiwa zimevunjika. Kwa hiyo somo hili ni lako tangu wiki ya kwanza, hata kama kazi yako bado ni kuosha spea kwa petroli.

Tuanze na cheni. Kwenye Boxer, TVS na hizi za Kichina zenye injini ya mtindo wa CG, sproketi ndogo (gurudumu la meno linalovuta cheni) iko kushoto, na nyuma yake ukuta wa kesi uko karibu mno. Boda anatoka Mvumi au Farkwa na abiria pamoja na gunia, njia ni mchanga na vumbi, cheni imekauka na imelegea. Ikikatika, sproketi haisimami. Inaivuta cheni ndani, inajikunja pale penye nafasi ya vidole viwili, na alminiamu inapokea kishindo chote. Unakuta tundu linaloingia kiganja, oili yote iko barabarani. Ndiyo maana nakusumbua kuhusu klipu ya kiungo cha cheni: upande wake uliofungwa utazame kule cheni inakoelekea, ule wenye mwanya uwe nyuma. Na cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 hivi, uupime pikipiki ikiwa imeshuka chini na gurudumu umelizungusha, maana cheni iliyochakaa hulegea sehemu moja na kukaza nyingine.

Bolti ya kumwagia oili nayo ina mambo yake. Bolti ni chuma, kesi ni alminiamu laini, na wewe una miaka ishirini na mikono ya kulima. Ukikaza kwa spana ndefu mpaka usikie raha, thredi zinakufa siku hiyohiyo au siku ya oili inayofuata, na fundi wa mwisho kuishika ndiye anayelaumiwa. Weka washa mpya, bolti ianze kwa vidole, kisha ikaze kwa spana fupi mpaka washa ibane, basi. Zile bolti ndogo za milimita 6 zinazofunga kava zinataka kama nyutoni mita 10 tu, na huo ni mkaze wa kifundo cha mkono. Bega halihusiki. Thredi zikifa kesi bado ni nzima: toboa kidogo, kata thredi mpya kwa tepu (chuma cha kuchongea thredi), ingiza thredi za springi (koili ya chuma inayokaa ndani ya tundu) za saizi ileile. Hiyo inadumu kuliko kulazimisha bolti nene zaidi kwenye ukuta uliokwisha kuwa mwembamba.

Sasa pikipiki imeletwa, inavuja, mteja mwenyewe ameshatoa hukumu: "Kesi imepasuka, fundi." Usimkubalie haraka. Oili inayotoka kwenye sili (mpira wa kuzuia oili) ya sproketi, kwenye gasketi ya kava la klachi, hata kule juu kwenye bloku, hupeperushwa nyuma na upepo, ikachanganyika na vumbi letu hili, ikalala chini ya injini. Wengi wameuziwa kesi kwa ajili ya sili ya bei ya soda. Osha injini yote, ikaushe, iwashe ikiwa imesimama, uangalie unyevu wa kwanza unatokea wapi. Kama umeshaifungua na unahisi ufa usioonekana, paka chaki upande wa nje, mimina mafuta ya taa ndani, nenda ukanywe chai. Ukirudi, ufa utakuwa umejichora wenyewe kwenye chaki.

Ufa ukishaonekana, swali ni moja: uko wapi? Urefu wake si hoja sana. Ufa wa kidole kizima kwenye ukuta mtupu, labda jiwe limegonga chini, unatengenezeka. Ufa mfupi kama punje ya mchele kwenye nyumba ya beringi ya kranki (shafti kuu ya injini) au ya gia unaimaliza kesi. Pale kesi lazima ibane beringi bila mchezo wowote, na moto wa kuchomelea huivuta alminiamu ikapinda. Ukichomelea, tundu halibaki duara, na shafti hazisimami tena kwenye mstari. Injini itawaka, mteja ataondoka anacheka, baada ya muda gia zinalia na beringi imekufa. Masikio ya kufungia injini kwenye chesisi yako katikati. Yanachomeleka kwa mtu anayejua, ila kwanza ukague bolti zote za kushikilia injini. Mara nyingi sikio limekatika kwa sababu bolti nyingine ilikwisha kulegea au kupotea, na mtetemo wote ukahamia pale.

Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ikitoboa kesi kutoka ndani, mimi sichomelei, hata tundu likiwa dogo. Kipande kilichotoboa kimegonga vitu vingine njiani, na vumbi la chuma limeshaingia kwenye kila beringi.

Kuhusu kuchomelea kwenyewe, usimpelekee fundi wa mageti kwa kuwa ni jirani. Alminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000. Chini ya ngozi hiyo metali inaweza kuwa uji tayari, nayo haikupi rangi nyekundu ya kukuonya kama chuma. Ghafla sehemu yote inadondoka. Tafuta mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni inayotoa umeme wa AC. Ukishindwa, ulizia chuo cha ufundi cha VETA au shirika la viwanda vidogo, SIDO, watu wa pale wanajua nani mjini anafanya kazi hiyo. Kabla hujaipeleka, toa beringi na sili zote, toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, chimba mfereji juu ya ufa kwa faili, kisha osha, pasha moto taratibu, osha tena. Kesi ya zamani imekunywa oili ndani ya vinyweleo vyake. Usipoitoa, itachemka chini ya moto na kukuachia mapovu. Nusu mbili zifungwe pamoja kwa bolti wakati wa kuchomelea zisipinde, na ukishatoka huko laza kila nusu juu ya kioo kinene uone kama inacheza.

Gundi ya chuma ya mirija miwili naikubali mahali pamoja tu: ukuta usiobeba uzito, uliosafishwa ukakwaruzwa, na mteja ameambiwa kuwa ni gundi.

Ukiamua kubadilisha, nunua nusu zote mbili. Kiwandani matundu ya beringi huchongwa kesi ikiwa imeungwa, kwa hiyo kushoto kwa injini moja na kulia kwa nyingine hupishana kidogo sana, jicho halioni ila kranki inajua. Beba ile ya zamani mpaka dukani, ulinganishe matundu ya kufungia kwenye chesisi na nafasi ya beringi. Jina la pikipiki peke yake halitoshi, Boxer ya 100 na ya 150 si ndugu kwenye hili. Beringi usizipige nyundo: pasha kesi yote sawasawa mpaka tone la maji likidondoka lichemke papo hapo, huku beringi ikiwa imelala kwenye friji, itaingia kwa mkono. Silikoni iwe kidogo. Inayofurika kwa ndani huvunjika vipande na kuziba njia ya oili, na hapo utakuwa umeua injini kwa usafi. Ukishafunga nusu mbili, kabla ya kitu kingine chochote, zungusha kranki kwa mkono na upitishe gia zote. Ikikaza, fungua. Usitarajie italainika ikiwaka.

Limebaki jambo ambalo mafundi wengi vijana hulichukulia kama si lao. Kwenye pikipiki nyingi za boda namba ya injini imegongwa kwenye kesi ya kushoto, karibu na pedali ya gia, na namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya usajili ya TRA, mamlaka ya mapato. Ukibadilisha kesi umebadilisha utambulisho wa chombo. Kijana aliyekuletea anaweza kuwa wa mkataba (analipa kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yake) au wa hesabu (anampelekea bosi kiasi walichokubaliana), kadi iko kwa bosi, naye anataka tu kurudi barabarani kabla ya jioni. Mwambie ampigie mwenye pikipiki ukiwepo, mkubaliane kabla hujafungua bolti ya kwanza. Kesi mpya nyingi huja bila namba. Usikubali kuigonga wewe, hata wakikuongezea hela. Mwenye chombo aende TRA na risiti ya duka aelekezwe. Kesi ya mtumba ikiwa na namba, taka kuona kadi ilikotoka. Asiyekuwa nayo mrudishie kesi yake, bei iwe nzuri vipi. Na ile iliyovunjika, kwa kuwa ndiyo yenye namba, usiwauzie wa skrepa wanaopita na guta: ifute oili, itie kwenye mfuko, mkabidhi mwenyewe, aondoke nayo.