Jiko la Mishikaki la Rimu ya Lori

SWALI: Mhariri, fundi wa jua kali ameniundia jiko la kuchomea mishikaki kwa rimu ya lori, springi za gari zikiwa miguu, na wavu wa waya wa mabati. Je, ni salama kwa chakula? – Msomaji, Changamwe, Mombasa

JIBU: Fundi wako ana jicho zuri. Rimu ya chuma ni nene, hivyo huhifadhi joto la makaa, na matundu yake ya boliti huingiza hewa kutoka chini. Ijaribu kwa sumaku: isiponasa, huenda ni ya alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni wavu. Waya uliopakwa zinki, wenye mng'ao wa kijivu kama ndoo ya bati, ukipata moto mkali hutoa moshi ambao anayeuvuta hushikwa na homa na kutetemeka kwa baridi. Tafadhali ubadilishwe kwa nondo nyembamba zisizopakwa chochote, au chuma cha pua. Rangi kuukuu ya rimu nayo isichomwe, kwani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: ilowesheni maji, kisha mwikwangue. Miguu haina neno.

Kwa sababu ya chumvi ya upepo wa bahari, lipake jiko mafuta ya kupikia kila baada ya kuchoma, likiwa bado vuguvugu.