Unaanza utafiti wa baruti ya besi mbili? Anza na kitulizaji

Wengi wanaojiunga na kazi hii huja na hamu ya kuona moto. Wanataka chumba cha kuchomea, kamera za kasi, grafu za shinikizo. Nami nilikuja hivyo. Siku hizi nikipokea mgeni simpeleki huko kwanza. Nampeleka kwenye rafu ambapo nimehifadhi kichupa kimoja kitupu. Baruti iliyokuwamo iliteketezwa zamani, kwa utaratibu wake, lakini karatasi iliyokuwa chini ya kizibo bado ipo. Iliwekwa nyeupe. Leo ni ya manjano, na pembeni imeiva hadi kahawia. Hakuna aliyeipaka rangi. Ni gesi iliyokuwa ikitoka ndani ya zile chembe, kidogo kidogo, miezi na miaka, kichupa kikiwa kimetulia mahali pake.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla hujashika kijiko: baruti ya besi mbili haikai tu ghalani ikisubiri kutumiwa. Inaoza. Nitroselulosi na nitrogliserini, zile besi mbili zinazoipa jina, zote ni esta za nitrati, na kifungo kinachoshikilia kundi la nitrati ni dhaifu. Hukatika hata kwenye joto la kawaida. Kinachotoka ni oksidi za nitrojeni, na hizo, zikishirikiana na unyevu, huzaa asidi inayorudi kuvunja vifungo vingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa msemo huo ni kemia kabisa.

Kinachozuia balaa ni dawa inayochanganywa kwa kiasi kidogo, mara nyingi kama asilimia moja hivi: kitulizaji. Wageni wengi hudhani kitulizaji huzuia uozo usianze. Hapana. Uozo unaendelea vilevile. Kazi yake ni kuzidaka zile oksidi kabla hazijaanza kuchochea uozo zaidi. Kila anapodaka moja, mdakaji naye hubadilika, na akiba yake hupungua. Akiba ikiisha, joto linalozalishwa ndani ya rundo huanza kupanda lenyewe.

Watu walilipa gharama kubwa kulijua hili. Baruti za kwanza za besi mbili zilikuja mfululizo: Nobel alipata hataza ya balistiti mwaka 1887, na Abel na Dewar wakaleta kodaiti mwaka 1889. Wakati huo Ufaransa ilikuwa na Poudre B ya Paul Vieille, ya mwaka 1884, ambayo ilikuwa ya nitroselulosi pekee, lakini ugonjwa wake ni huohuo. Manowari ya Kifaransa Iéna ililipuka bandarini Toulon Machi 1907, na Liberté ikalipuka palepale Septemba 1911. Mamia ya mabaharia walikufa bila adui yeyote kuwapo. Baruti iliyochakaa ndiyo iliyobebeshwa lawama. Ninapopima sampuli ya ghala lililo karibu na makazi ya watu, huwa nawakumbuka mabaharia hao.

Sasa nikueleze kosa langu, kwa sababu utalikaribia. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa sampuli ya baruti ya bunduki, ya zamani, yenye nitrogliserini na difenilamini kama kitulizaji. Nilipima kwa kromatografia ya gesi, mashine inayoigeuza sampuli kuwa mvuke kwenye mlango wake wa moto, kisha kuvitenganisha na kuvipima viambato. Kwenye grafu, kilele cha difenilamini kilisimama kirefu, kizuri, karibu sawa na cha baruti mpya. Nikaandika kwamba kitulizaji kiko salama. Mkuu wangu alisoma, akaniuliza swali moja tu: "Mlango wa mashine yako una joto kiasi gani?"

Nikarudia kwa kromatografia ya kimiminika, isiyohitaji kuichemsha sampuli. Sehemu kubwa ya ile difenilamini haikuwapo. Ilikuwa imeshageuka N-nitrosodifenilamini, yaani mdakaji aliyekwisha kudaka. Kwenye mlango wa moto wa mashine ya gesi, molekuli hiyo huangusha kile ilichokidaka na kurudi kuwa difenilamini. Mashine haikukosea; ilipima kwa uaminifu kitu nilichokitengeneza mwenyewe kwa kuipasha moto. Ripoti ile ilikaa siku mbili mezani ikisema "salama". Siku mbili hizo bado zinaniuma.

Kwa hiyo usipime mama peke yake, yaani difenilamini, pima na watoto wake, yaani vile inavyogeuka. N-nitrosodifenilamini bado ina uwezo wa kutuliza, basi kuiona si sababu ya kupiga kengele. Lakini ukianza kuona nitrodifenilamini zenye makundi mawili na matatu ya nitro huku mama akiwa ametoweka, ujue akiba inakwisha. Na usishangae ukikuta vitulizaji tofauti. Difenilamini ina tabia ya alikali inayoweza kuishambulia nitrogliserini, ndiyo maana kwenye injini za roketi zenye nitrogliserini nyingi utakuta zaidi sentraliti au 2-nitrodifenilamini.

Kipimo cha pili utakachoishi nacho ni kalorimita ya mtiririko wa joto, kifaa kinachopima joto dogo linalotoka kwenye sampuli inapooza. Kiwango cha NATO kinachojulikana kama STANAG 4582 kinataka, kwa mfano, sampuli ikae siku 10.6 kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, na joto linalotoka lisivuke mikrowati 114 kwa gramu. Ikifaulu, huhesabiwa kwamba itakuwa imara kikemia kwa miaka 10 kwenye nyuzi 25. Soma tena mwisho wa sentensi hiyo: kwenye nyuzi 25. Kontena la chuma lililoachwa juani halijui habari za nyuzi 25, na kila nyuzi inayoongezeka inaukimbiza uozo. Kila ripoti yangu ina mstari unaosema sampuli ilikaa wapi na kwa joto gani. Asiyeweza kunipa historia hiyo, namrudishia sampuli yake aitafute kwanza.

Pia gramu moja haikuambii tabia ya pipa. Joto huzaliwa katika ujazo wote lakini hutoka kupitia uso tu. Kichupa kidogo hupoa kwa urahisi. Rundo nene hujifukiza. Hii ndiyo sababu kwenye meza yako utashika kiasi kidogo kabisa kinachotosha kipimo, na kilichobaki kinarudi ghalani siku hiyohiyo, si kesho. Jihadhari na umeme tuli siku hewa inapokuwa kavu. Na glavu si pambo: nitrogliserini hupenya ngozi na kutanua mishipa ya damu. Ukirudi kazini baada ya mapumziko ukaumwa kichwa cha kudunda, usimeze dawa na kuendelea. Toka chumbani, mwambie msimamizi, na mtafute tundu kwenye glavu au hitilafu kwenye kabati la hewa.

Kuhusu utendaji nitasema machache, kwa sababu vitabu vimejaa. Sheria ya Vieille inakuambia kasi ya kuungua hupanda na shinikizo lililopandishwa kwa kipeo. Kipeo kikikaribia moja, shinikizo linaweza kukukimbia. Chumvi za risasi (ile metali, si ya bunduki) zilitumika muda mrefu kuutuliza mwendo huo, na sasa kwa ajili ya sumu yake watu wanageukia bismuthi. Lakini baruti uliyoipima ikiwa mpya si ile utakayoipima baada ya miaka kumi na tano. Nitrogliserini huhama na kuingia kwenye ganda la nje, minyororo ya nitroselulosi hukatika ikawa mifupi, na kipande huwa chepesi kuvunjika. Ufa mmoja ni uso mpya wa kuungua, na uso mpya ni shinikizo ambalo injini haikuundiwa. Ukiona grafu ya shinikizo imepanda ghafla, kabla ya kuilaumu kamera au kihisi, uliza umri wa kipande na kiasi cha kitulizaji kilichobaki.

Ugunduzi wa masalia, yaani chembe za baruti zinazobaki mikononi au mahali, nao unarudi kwa kitulizaji kilekile. Nitroselulosi haigeuki mvuke, hivyo mashine ya gesi haiioni. Nitrogliserini inaonekana, lakini ni dawa ya moyo pia, na mgonjwa anaweza kuwa nayo mfukoni. Difenilamini imo kwenye mpira. Kinachokupa nguvu ni kundi zima likikaa pamoja: nitrogliserini, kitulizaji, na wale watoto wake wa nitro, kwa uwiano unaofanana na baruti iliyozeeka kwenye ganda lake. Kimoja peke yake ni dalili tu.

Usilichukue hili kama usumbufu wa kitaalamu. Mwaka 1976 nchini Uingereza watu saba, wanaojulikana kama Maguire Seven, walifungwa kwa ushahidi wa chembe za nitrogliserini zilizodaiwa kuwa mikononi na kwenye glavu zao. Hukumu zilifutwa mwaka 1991, baada ya kukubalika kwamba chembe hizo zingeweza kuwafikia bila hatia. Mmoja wao alikuwa amekwisha kufa akiwa mfungwa.

Ndiyo maana chumba chetu cha masalia kina mlango wake, na aliyeshika baruti nzima asubuhi haingii humo siku hiyo. Kabla ya kila sampuli tunapangusa meza tupu kwa pamba, tunaipima, na tunaiweka namba yake kwenye ripoti. Koti la ghalani halivuki kizingiti. Kalamu nayo haivuki. Miwani yangu ya humo haijawahi kutoka nje.