Mteja ananyamaza, tufanyeje?

Swali: Shikamoo dada. Nasoma sheria mwaka wa tatu Dar, mimi na mwenzangu tunajiandaa na mashindano ya kumhoji na kumshauri mteja, yale ya watu wawili wawili mbele ya majaji. Mazoezini mteja ananyamaza tu, tunabaki kusoma maswali kwenye karatasi.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Karatasi wekeni pembeni kwanza. Maelezo mnayopewa kabla ni mistari michache tu, makusudi kabisa, labda "mama anataka kuongelea shamba", sasa nyie mkianza na hati iko wapi, imesajiliwa lini, anajifunga. Mkaribisheni, mwambieni mtakayoongea ni siri, halafu "mama, hebu tuambie imekuwaje" na mnyamaze, hata kimya kikiwauma mwacheni, maana akishavuta pumzi ndo anasema shemeji kabadilisha kufuli la nyumba, na kesi yenyewe iko hapo. Na msikimbilie mahakamani jamani! Louis M. Brown, profesa wa Marekani aliyeasisi mashindano haya, alihimiza sana kuzuia mgogoro kabla haujawa kesi. Mpeni njia mbili tatu na gharama zake, achague mwenyewe. Akishatoka mnajadiliana mbele ya majaji, mlipokosea semeni wazi, hilo nalo wanalipima.