Ghala limejaa, jirani kavamia

*Dada Mhasibu, shikamoo. Nina miaka 19, niko Malaba, mchana namsaidia mjomba kwenye duka la spea, usiku nacheza Stellaris, gemu la kujenga himaya angani, kwenye laptop ya mtumba. Niliweka ugumu wa Admiral. Nimefika mwaka 2268, nishati yangu imejaa 15,000, madini nayo 15,000, nikajiona tajiri. Jirani akanivamia, ameshachukua mifumo minne ya nyota. Meli zake ni zaidi ya mara mbili ya zangu. Binamu yangu anasema nianze upya kwa Ensign, ngazi nyepesi. Nikubali? Na utajiri wote huu mbona haukunisaidia?*
— Msomaji, Malaba

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote jicho limegota kwenye hiyo 15,000. Hicho ni kikomo cha ghala. Ukishakifikia, kila kinachoingia juu yake kinapotea. Tuseme nishati ilikuwa inakuingia 80 kwa mwezi na ghala limejaa kwa miaka mitano: hapo umemwaga 4,800. Mimi ni mhasibu wa sacco hapa Jinja, na hesabu ya namna hiyo inaniuma hata ikiwa ya gemu.

Kuna jambo la pili. Katika barua yako nzima hujataja aloi, yaani metali inayotengenezwa kiwandani kwa madini, hata mara moja, na meli za vita hujengwa kwa aloi. Vituo vya anga vilevile. Kwa kiwango cha msingi, kiwandani madini 6 yanakutolea aloi 3. Kwa hiyo madini yako 15,000 ni aloi 7,500 ambazo hazijazaliwa. Huwezi kuzizalisha zote leo, maana zinahitaji viwanda na watu wa kuvifanyia kazi, ndiyo sababu viwanda hujengwa mapema, jirani akiwa bado anatabasamu.

Mama yangu aliuza mukene, yaani dagaa, pale Masese miaka mingi. Mukene hukaushwa juani, kwa hiyo mvua ni adui. Faida ya kiangazi hakuiweka ndani ikalala. Alinunua maturubai na nyavu kabla wingu la kwanza halijaonekana. Mvua ikianza, bei ya turubai inapanda siku hiyohiyo. Soko la Stellaris nalo ni hivyo: kabla ya toleo la 4.0 la mwaka 2025, bei ya mwanzo ya aloi ilikuwa nishati 4, juu yake ada ya asilimia 30, kwa hiyo aloi 100 zilikutoka kama 520. Ukinunua nyingi kwa mpigo, bei inakukimbia. Weka oda ya kila mwezi, kidogo kidogo, uipe na kikomo cha bei. Ukiacha kununua, bei inarudi chini polepole.

Lakini usikaushe ghala kabisa. Meli zinakula nishati na aloi kila mwezi, na ukizidisha idadi ambayo jeshi lako linaruhusiwa, gharama inapanda kwa zote. Mimi huacha nishati ya kunivusha miezi 12 nikiwa kwenye hasara. Inayozidi hapo naipa kazi.

Sasa ugumu. Wengi wanadhani ukipanda ngazi, kompyuta inayomwendesha jirani inapata akili zaidi. Inachopata hasa ni mapato. Kwenye Ensign jirani haongezewi kitu. Kila ngazi juu yake inamwongezea, hadi Grand Admiral ambapo wafanyakazi wake wanazalisha mara mbili. Admiral iko ngazi moja tu chini ya hiyo. Maana yake, wewe na yeye mkiwa na sayari sawa na watu sawa, yeye bado anakuacha mbali, na wewe ulikuwa unamwaga kidogo ulichonacho. Hakukushinda kwa hila.

Kwa hiyo simuungi mkono binamu yako moja kwa moja. Ensign itakuficha kosa: utalimbikiza tena, hutaadhibiwa, na utarudi Admiral ukiwa vilevile. Gemu lijalo anza na Captain, ngazi moja juu ya Ensign, na uwashe mpangilio unaoongeza ugumu kadiri miaka inavyosonga, ili nyongeza ya jirani ikue nawe ukikua. Kumbuka kuwa ukali wa majirani na nguvu ya janga la mwishoni, yaani adui mkubwa anayetokea gemu likikaribia kuisha, vina mipangilio yake tofauti. Nimeona watu wakishusha ngazi ya ugumu huku janga wameliacha juu, kisha wanalia.

Na gemu hili la sasa usilitupe. Simamisha saa. Rudisha meli zako kwenye kituo chenye mizinga, zipigane chini ya kivuli chake, zisiende kukutana na adui katikati ya njia. Nishati yako uza sokoni ununue aloi leo hii, hata bei ikipanda, maana hii ni vita. Mkifikia amani ya kila mmoja kubaki na alichoshika, mifumo aliyoidai na kuikalia inakwenda. Mimi ningeisahau hiyo minne nikaulinda wa tano. Baada ya hapo, kila mwanzo wa mwaka fungua ukurasa wa majirani uangalie nguvu yao ya meli ikilinganishwa na yako. Kompyuta huangalia udhaifu wako kabla ya kutangaza vita, basi nawe uuone mapema kama inavyouona yeye.

*Dada, laptop yangu inakwama gemu likifika mbali, siku moja inachukua muda mrefu kupita. Nishushe ugumu?*
— Msomaji, Arua

Ugumu hauhusiki hapo, mpendwa. Punguza ulimwengu wenyewe: chagua galaksi ya nyota 200 au 400 badala ya 1,000, punguza idadi ya majirani, na punguza sayari zinazokalika, kwa sababu watu wanaoongezeka kwenye sayari hizo nao huichosha mashine. Na kwa kuwa umeme wetu unaujua, weka gemu lijihifadhi lenyewe mara kwa mara, usisubiri mwaka mzima upite.